Koka Mwenye Ardhi

Koka alirudi kijijini na miwani ya jua, viatu vilivyochongoka mbele, na tabia mpya ya kusema "ardhi yangu" kila alipofungua mdomo.

Dada yake Wuya alimwona tangu mbali. Alikuwa amechutama kwenye matuta ya viazi vitamu, anapalilia, na hakuona sababu ya kuinuka. Alimtazama mdogo wake akija kwa kunyata ukingoni mwa mfereji, suruali kaipandisha kwa vidole viwili isije ikaguswa na tope. Mwanamume mzima, mvi zimeshaanza, anaogopa tope la kwao.

"Dada, shamba limependeza," Koka alisema.

"Limempendeza nani?"

"Nasifu tu, jamani. Mtu hasifu?"

"Wewe ukisifu kitu mimi hutafuta pa kukificha. Ulisifu shoka la baba, mpaka leo halijaonekana. Ukasifu jogoo wangu, ukamla mpaka miguu."

Koka alicheka, meno yote nje, mekundu kwa tambuu aliyotafuna njiani. Kisha akapiga hatua kubwakubwa kutoka mfereji mmoja hadi mwingine, huku midomo ikimchezacheza. Wuya akajua anapima. Akasonya, akaendelea kung'oa magugu.

Koka alikuwa mtoto wa kiume pekee wa marehemu Ndamba, na hakuna siku aliyoisahau habari hiyo. Kazi nyingine hakuwa nayo. Miaka mingi alikuwa kule Hagen mjini, akicheza karata na kurusha vishale sokoni, mpaka mkewe alipomtupia nguo zake nje. Kila alipofukuzwa huko alirudi kwa dada yake, akala, akalala, akanenepa, akaondoka tena. Viazi alivyokula hakupanda hata kimoja.

Na shamba lenyewe, wakati Ndamba anampa binti yake, halikuwa shamba. Lilikuwa kinamasi cha matete na vyura. Wuya alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto, kwa watu wa Kimbu, na mume aliyempata huko alikuwa hodari wa jambo moja, kupiga. Siku alipomvunja mkono, Wuya alimtia mwanawe ndani ya mkoba wa kamba, akaning'iniza mkoba kichwani, akavuka mto akarudi kwao Rokla. Baba yake hakumuuliza maswali. Alimwonyesha yale matete akasema, "Panda hapo." Mkono ulipopona akaanza kuchimba. Mtoto, jina lake Rop, alipopata nguvu za kushika sepetu naye akaingia mferejini, na tangu hapo hakutoka. Walichimba mpaka maji yakapata njia, udongo ukatokea, mweusi na mlaini, viazi vikawa vinapasua matuta. Sasa Rop alikuwa mtu mzima, ana mke aitwaye Mande mwenye mimba ya kwanza, na zizi la nguruwe ambao wageni wakipita walisimama kuwatazama. Yule mumewe Wuya alishakufa zamani. Wuya alilia siku moja, kwa adabu.

Aliyokuwa akipimia Koka yalijulikana siku ya karamu ya daraja.

Wanaume wa Rokla walikuwa wamemaliza kulitengeneza daraja la magogo, na nyama ilikuwa imepikwa kwenye shimo la mawe ya moto. Shimo lilipofunuliwa na kila mtu amepata kipande chake, Koka akasimama katikati ya uwanja. Hakuwa amebeba gogo hata moja, lakini alisimama kama mwenye daraja.

"Ndugu zangu, nina habari njema," alisema. "Nina rafiki mjini, Bwana Yoba, tajiri wa kuku. Anataka kujenga banda kubwa, na nimemwambia ajenge hapa, kwenye ardhi yangu pale bondeni. Mimi nitakuwa meneja."

"Bondeni wapi?" Wuya aliuliza kutoka upande wa wanawake. "Bonde lililo wazi mimi silijui."

"Dada, acha wanaume waseme."

"Basi mtafute mwanamume aseme, nitanyamaza."

Wanawake walicheka. Koka akavua miwani, na macho yake yalikuwa yamewiva kwa hasira. "Ardhi inakwenda kwa damu," alisema kwa sauti. "Damu ya Ndamba ni mimi. Nilikuachia ulime kwa huruma tu. Huyu Rop si mtu wa hapa. Ni mtu wa Kimbu. Aliletwa hapa ndani ya mkoba kama kiazi. Aende kwa baba yake akadai ardhi huko!"

Hata waliokuwa wakitafuna waliacha. Kila mtu pale Rokla alijua Rop alikotoka, kama walivyojua kwamba babu wa fulani alikuja mkimbizi wa vita na bibi wa fulani aliokotwa na njaa. Nusu ya wale wanaume, ukichimbua, ungewakuta wameingia ukooni kwa mlango wa mama. Lakini neno hilo halisemwi. Mtu aliyekula viazi vya ardhi yenu, akamwaga jasho juu yake, akawazika wazee wenu, humwambii ametoka wapi. Ni afadhali umpige na jiwe.

Rop aliweka nyama yake chini juu ya jani la mgomba. Alifuta mikono kwenye nyasi, polepole. Wuya alimwombea amrukie mjomba wake, amtoe yale meno mekundu, mambo yaishe. Rop hakumrukia. Alimwambia mkewe, "Twende," wakaondoka, na mbwa mmoja akaja akachukua ile nyama.

"Umemaliza?" Wuya alimuuliza Koka. "Umeshiba sasa? Maana hayo uliyoyasema ndiyo chakula chako cha mwisho kutoka mkononi mwangu."

Nui, mkubwa wa ukoo, ndipo akasimama kusema kwamba hayo ni maneno ya hasira na watu wasiyachukulie vibaya. Nui alikuwa na sauti tamu na tumbo lililotangulia. Msimu ule alikuwa amewaahidi majirani nguruwe wengi kwa ajili ya karamu kubwa ya kupeana, karamu ambayo jina lake lingeimbwa, na wengi wa nguruwe hao walikuwa bado wanakoroma katika zizi la Rop. Wuya alimtazama akipangusa jasho, akajua kinachomuuma si heshima ya Rop.

Habari mbaya huvuka mto bila daraja. Baada ya siku chache watu wa Kimbu wakaja, wamejipaka tope usoni kama wafiwa, wanavuta nguruwe kwa kamba. Mbele yao alikuwa Tipuka, mdogo wa yule marehemu mume, analia kwa sauti machozi yasionekane.

"Mwanetu! Damu yetu! Wamekutukana, mwanetu! Njoo nyumbani, ardhi ya baba yako inakulilia!"

Wuya alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Tipuka, mtoto huyu alipokuwa na homa ya mapafu nilikutumia salamu. Ukajibu mto umejaa. Umekauka leo?"

"Shemeji, hayo ya zamani tuyaache."

"Shemeji wa nani? Kaka yako aliponivunja mkono wewe ulikuwa umekaa hapo hapo unamenya muwa. Hata hukuacha kumenya! Leo mtoto ana mabega, anachimba kwa nguvu za watu watatu, ndiyo damu yenu imekumbuka njia?"

"Mama, inatosha," Rop alisema. Alikuwa ametoka na sepetu begani, na nyuma yake Mande amebeba mkoba.

Wuya alimgeukia. "Unakwenda kwa hawa?"

"Nakwenda kwa watu walioniita."

"Wamekuita! Hata mimi nikimwita nguruwe huja, na yeye hajui namwitia nini."

Alijuta mara tu lilipomtoka. Rop alimtazama kidogo, akateremka mtoni na watu wa Kimbu wakiimba pembeni yake. Nguruwe wake walifuata nyuma, kundi zima. Juu uwanjani Nui alishika kichwa.

Wuya aliingia ndani akakaa kando ya moto. Alikuwa na ulimi wa kutosha kwa watu wa pande zote mbili za mto, na sasa ulimi huo ulikuwa umemfukuza na mwanawe. Akajitukana, tena kwa maneno mazuri kuliko yale aliyomtukania Koka.

Jioni Koka akaja kama kawaida yake, akakaa mahali pake, akanyoosha miguu.

"Dada, leo hatuli?"

"Sisi tunakula. Wewe mwenye ardhi, kale ardhi."

Alidhani anatania. Kesho yake alikuja tena, akakuta viazi vimekwisha kufukuliwa jivuni na kuliwa. Akaenda kwa majirani, na majirani wakawa ghafla na wagonjwa, na wageni, na chungu kilichovunjika. Hakuna aliyemkatalia waziwazi. Walimsikitikia tu, midomo ikimeremeta mafuta. Koka akaishi kwa biskuti ngumu na samaki wa kopo alivyonunua dukani kwenye njia kuu, akivila peke yake katika nyumba ya wanaume, na wenzake wakihamia upande wa pili wa moto kwa sababu, walisema, samaki ananuka.

Bwana Yoba alikuja kweli. Gari lake liliingia kwenye tope kabla ya kufika daraja likazama hadi vyuma vya chini. Koka alikimbia huku na huku akiita vijana waje wasukume. Vijana waliketi juu ya ukingo wakitazama kwa utulivu mkubwa.

"Mwenye ardhi asukume," alisema mmoja.

Ikabidi asukume, viatu vyake vilivyochongoka vikabaki ndani ya tope, na hakuvipata tena. Bwana Yoba, mtu mfupi mwenye haraka, alilitazama shamba, akauliza ukoo umekubaliana? Koka akasema ukoo ni yeye. Bwana Yoba akawatazama wale vijana juu ya ukingo, akamtazama Koka aliye miguu mitupu, akasema barabara ni mbaya, kuku watakufa njiani. Akaondoka. Hata hivyo alikubali kuondoka na magunia mawili ya viazi ambayo Koka alikwenda kuchimba katika matuta ya Wuya bila kuomba.

Wuya aliyaona yale mashimo kesho yake asubuhi. Hakupiga kelele. Aliona jambo lingine baya zaidi: maji. Mvua zilikuwa zimeanza, mifereji haikuzibuliwa, na yeye peke yake, mgongo wake ule, hakuweza kuishinda. Matuta ya chini yalikuwa yameanza kulegea, viazi vinatoka vyeusi, vinanuka. Akashuka na sepetu yake, akachimba mpaka mkono ule wa zamani ukakataa kuinuka. Jirani mmoja akaja kusaidia kidogo, akaondoka. Nyumba ya wanaume ilikuwa pale pale juu, na moshi wa Koka unatoka.

Nui naye alihesabu miezi iliyobaki kabla ya karamu yake, usingizi ukapotea. Akaita kikao. Akasema kwa sauti ile tamu kwamba kauli ya Koka imeuvunja ukoo, na kwa hiyo Koka amlipe dada yake nguruwe mmoja mkubwa, kisha ukoo uende kumrudisha Rop.

"Na iwe hivyo," alisema Koka, haraka mno. "Nina nguruwe. Yule dume mwenye doa."

Wuya alicheka mpaka akashika mbavu. "Yule dume anakaa nyumbani kwa nani, Koka?"

"Kwako."

"Anakula viazi vya nani?"

Koka alitazama chini.

"Ulimleta kitoto, anatoshea kiganjani, ukasema, dada nitunzie. Nimemlisha mpaka amekuwa ukubwa wa mlango. Sasa unanifidia matusi yako kwa nguruwe wangu mwenyewe, na wazee wanatikisa vichwa, naam, naam! Mmefanya hesabu gani hiyo?"

"Shangazi yangu, tufanyeje basi?" Nui aliuliza. Siku zote alimwita Wuya, na sasa ghafla akawa shangazi yake.

"Nguruwe nimempokea. Kuanzia leo asiseme tena ni wake. Na Rop nitamfuata mimi. Ninyi mkienda mtahutubu, naye hajakosa hotuba."

Hakuwa ameukanyaga upande ule wa mto tangu siku ile ya mkono. Alivuka akiwa amekaza meno. Alitarajia kukuta mwanawe amekalishwa kwenye kiti cha heshima, na sehemu ya moyo wake ilimtakia hivyo. Alimkuta kwenye mfereji, tope hadi mapajani. Alikuwa anakata kinamasi kipya cha matete. Na juu kwenye kivuli cha mivinje walikaa Tipuka na wazee wa Kimbu, wanavuta tumbaku.

"Hapo kushoto, mwanangu!" Tipuka alikuwa akielekeza. "Ingia chini zaidi, mwanangu!"

Wuya alikuwa ameandaa maneno njia nzima, lakini alipoona hivyo yote yalimwishia. Alikaa ukingoni, akatumbukiza miguu kwenye maji.

"Wamekupa bwawa," alisema.

"Wamenipa bwawa," Rop alijibu bila kuacha kuchimba.

"Likikauka watakumbuka ulikotoka."

"Najua, Mama."

"Unajua, na unachimba?"

Rop alisimamisha sepetu. "Kuchimba nakujua. Nikae nao pale juu nivute tumbaku? Pale Rokla nilichimba nikaambiwa mimi kiazi. Hapa nachimba naambiwa mwanangu, mwanangu. Kazi ni ile ile. Nimeona nisikilize maneno mazuri kidogo." Akang'oa tete moja akalitupa ukingoni, kisha akasema, "Na wewe uliniambia nguruwe."

"Nilikosea."

Hakuna mtu kijijini aliyewahi kulisikia neno hilo kutoka kwa Wuya. Rop mwenyewe aligeuka kuhakikisha ni nani aliyesema. Kisha alipanda ukingoni akakaa karibu naye, na wakagawana kiazi alichokuja nacho mama, huku Tipuka akiuliza kutoka kivulini kama kuna tatizo, mwanangu.

Rop alikubali kurudi kwa masharti yake, na hakupunguza hata moja. Koka mwenyewe, kwa mkono wake, apande masale mekundu, mimea ya kuthibitisha mpaka, kuzunguka shamba, ukoo wote ukiona. Na aingie mferejini, azibue kutoka juu mpaka mtoni.

"Nami silitupi shamba la huku," aliongeza. "Nimeshalichimba. Nitalima kote kuwili."

"Watasemaje?" Nui alilalamika alipoletewa habari. "Mtu mmoja, pande mbili?"

"Waseme," alijibu Wuya. "Wanasema vizuri wakiwa wamekaa."

Siku ya kupanda masale, watu walikuja wengi kuliko siku ya daraja. Wanawake walileta watoto na muwa wa kutafuna. Koka alipanda miche yake ameinamisha uso, na kila alipopanda mmoja Nui alitangaza kwamba Rop ni mtoto wa nyumba ya Ndamba, na anayetaka kuuliza zaidi aulize sasa. Hakuna aliyeuliza. Kisha Koka akapewa sepetu. Aliishika kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshike. Kabla hajafika kona ya kwanza viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, anavipuliza, na ukingoni vijana wanamwelekeza kwa upole.

"Hapo kushoto, Bwana Meneja. Ingia chini zaidi."

Ilimchukua Koka siku nyingi kufika mtoni. Siku ya mwisho Rop, aliyekuwa amechoka kutazama, aliingia akamalizia kipande kilichobaki. Wuya hakumhurumia mdogo wake. Jioni alimwekea viazi, vile vidogo vyenye nyuzi ambavyo hupewa nguruwe, na Koka akala vyote bila kunung'unika. Mpaka wa masale ulibaki, ila miche mingi aliyoipanda Koka ilikufa, Mande akaja kuirudia baadaye.

Mande alijifungulia ng'ambo ya mto, kwa sababu uchungu ulimkuta huko anavuna. Mtoto wa kike. Hakuwa amemaliza siku tatu duniani, Tipuka alifika na wazee wake kudai kitovu kizikwe Kimbu na mti upandwe juu yake, na Nui akafika na wake kudai kizikwe Rokla. Walihutubiana mlangoni tangu asubuhi. Kila upande ulitaja damu. Tipuka alikumbusha nguruwe aliyemvuta kwa kamba siku ya kumchukua Rop, akaliwa bure. Nui alikumbusha masale.

Wuya alikuwa ndani, amempakata mjukuu. "Hajajua hata kugeuza shingo," alimwambia mkwewe, "wameshamgawa kama nyama."

Mande, ambaye watu walimjua kwa ukimya, alijitokeza mlangoni.

"Baba zangu, mnahangaika bure. Nimeshakizika."

"Wapi?" waliuliza wote kwa pamoja.

"Kwenye udongo."

"Udongo upi? Wa huku au wa kule?"

Mande aliwaza kidogo. "Mama yangu mzazi alikuja kunitazama juzi," alisema, "akarudi kwao milimani. Alikuwa na mkoba." Akaingia ndani akaufunga mlango, akawaacha wazee wa pande mbili wakitazamana, kisha wakitazama milima, ambako hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na nguvu za kupanda.

Wuya hakumuuliza kama ni kweli. Alimrudishia Mande mtoto amnyonyeshe.